Vitufe vya Upande wa Kushoto

4 Machi

Mwanangu Kiguu,

Usishtuke kupata barua. Hakuna aliyekufa. Baba yako ni mzima, nilimwona Jumapili akibishana na redio. Nakuandikia kwa sababu maelezo yako ya simu huingia sikio hili yakatokea lile, na safari hii nataka karatasi ya kuweka kando ya skrini.

Kompyuta uliyonifungia mfumo wa Linux mwaka juzi imechoka. Au labda si yenyewe, ni ile sura mpya iliyokuja baada ya kukubali masasisho. Nikifungua dirisha, linakuja kwa kunyata, linafifia, linang'aa, linajinyoosha kama paka aliyeamshwa, ndipo niruhusiwe kufanya kazi. Sina muda huo. Nina kitabu cha wakunga mezani, kurasa zaidi ya mia tatu, na Mhariri anakitaka kabla ya vyuo kufunguliwa. Humo ndani mna majedwali ya dawa yanayonitoa jasho. Miaka yote hii ya kupanga kurasa za vitabu vya watu, sijawahi kuona majedwali ya namna hii.

Umewahi kuniambia kwamba mtu anaweza kubadilisha ile sura peke yake bila kung'oa mfumo mzima. Basi nitafutie nyepesi. Sitaki mapambo, sitaki picha ya mlima. Nataka nibonyeze na kitu kitokee.

Jibu upesi, niko roho juu.

Shangazi yako


11 Machi

Shikamoo Shangazi,

Marahaba najiitikia mwenyewe kwa niaba yako, maana najua ungeruka hapo uende kwenye kazi.

Nakuandikia hapa hapa kazini, mashine zinavuma pande zote, kwa hiyo ukiona nimeruka neno usinicheke. Unachokitaka kinaitwa msimamizi wa madirisha. Yeye ndiye anayeamua dirisha lipi lije mbele, lipi likae nyuma, lina ukubwa gani na linafungwaje. Ile sura yako ya sasa ina msimamizi pamoja na jamaa zake wote: saa, hali ya hewa, arifa, vivuli. Wote wanakula kumbukumbu ya kompyuta ambayo, samahani, ina umri wa kuolewa. Tukimwacha msimamizi peke yake na kuwafukuza jamaa, utaona mbio.

Wapo wengi. Mimi mwenyewe mwaka huu nimeshabadilisha mara sijui ngapi, kila mmoja namwona mzuri Jumatatu, ikifika Alhamisi nimemchoka. Ndiyo maana mkaniita Kiguu, hata kwenye skrini situlii. Wewe nimekuchagulia IceWM. Ana mstari chini wenye majina ya madirisha, kama ulivyozoea, na hana mbwembwe. Flashi imo ndani ya bahasha. Ichomeke, fungua faili la kwanza, fuata nilivyoandika. Ukishawasha upya, pale unapoandika nywila chagua jina lake.

Kitabu cha wakunga! Na ukitoka hicho upumzike.

Mwanao,
Kiguu


19 Machi

Kiguu,

Nimemfunga. Mbio anazo, sikatai. Nikibonyeza, kitu kinatokea kabla sijamaliza kubonyeza. Siku mbili nilifurahi kama mtoto aliyepewa viatu.

Lakini nani aliyemchora huyu? Vile vidude vitatu vya pembeni, cha kufunga, cha kukuza na cha kushusha, vimebanana kama abiria. Nataka kushusha dirisha, nalifunga. Nataka kulivuta kwa ukingo, ukingo wenyewe mwembamba kama uzi, kipanya kinapita juu yake kinakwenda zake. Jana dirisha la mswada limenitembea mpaka likatoka nusu nje ya skrini, nikahangaika nalo mpaka chai ikapoa. Mhariri akapita mlangoni akaniuliza, "Unapigana na nani humo?" Nikamwambia, "Na nzi."

Nibadilishie. Na usinipe maneno mengi.

Shangazi


24 Machi

Shikamoo Shangazi,

Nimecheka, halafu nikaacha kucheka. Macho hayo! Lini mara ya mwisho umepimwa? Miwani yako naijua tangu nasoma shule ya msingi, ile yenye mkono uliofungwa uzi. Nenda ukapimwe.

Wakati huo huo nimekutengenezea kitu. Huyu anaitwa Openbox. Hana hata mstari wa chini, skrini tupu kabisa. Ukitaka menyu bonyeza kulia popote penye uwazi. Nimemnenepesha: ukingo mpana kama mshipi, vidude vikubwa, herufi kubwa. Nimekesha, yaani nimeshinda, nikichagua rangi. Niliweka kijivu, nikatoa, nikaweka bluu, nikarudisha kijivu. Nimejaribu unene wa ukingo mara chungu nzima mpaka nikaanza kuona kingo hata nikifumba macho. Ukitaka kusogeza dirisha huhitaji kulenga kichwa chake, shika kitufe cha Alt kisha buruta popote.

Flashi nyingine hiyo. Ile ya kwanza baki nayo.

Kiguu


31 Machi

Kiguu,

Macho yangu yanaona vumbi lililo juu ya kabati la jirani. Nimepimwa, kama ulitaka kujua, na daktari wa macho kasema nirudi baada ya miaka miwili. Kwa hiyo nani kakwambia mimi kipofu? Umenichorea vidude kama vya watoto wa chekechea. Mwenzangu wa kazini, wa chumba cha pili, ameviona akaniuliza kama nimepata mjukuu.

Na hiyo menyu inayotokea popote! Inatokea kweli, hata nisipoiita. Nikienda kuchagua jina la tatu imeshachagua la nne. Nikishika Alt na kuburuta, dirisha linacheza ngoma.

Sikiliza. Sitaki kubwa, sitaki ndogo. Nataka nisishike kipanya kabisa. Kabisa. Kipo kitu hicho au hakipo?

Halafu niambie, hivi huko kazini siku hizi hamna kazi? Barua zako zinarudi kabla zangu hazijapoa, na madirisha yote hayo unayachora saa ngapi?

Shangazi


6 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Kazi ipo tele, ndiyo maana. Tuna zamu, unajua mambo ya zamu, mara asubuhi mara mchana, ukiwa huna zamu una nafasi. Kisha kuna mashine mpya zimeletwa, na tunasubiri mafundi wake, kwa hiyo mtu anakaa tu anasubiri. Mkuu wetu mwenyewe anasema tujisomee. Basi najisomea. Usijali kuhusu kazi.

Kipo kitu hicho. Kinaitwa i3, na wengi wakikiona mara ya kwanza wanakikimbia, kwa sababu ukiwasha hakuna kitu. Skrini nyeusi na mstari mmoja. Lakini nisikilize. Hapa madirisha hayalaliani juu. Ukifungua moja, linajaza skrini nzima. Ukifungua la pili, yanagawana nusu kwa nusu, kama vigae sakafuni. Hakuna cha kuvuta wala kulenga. Kila kitu ni vitufe: shika kile kitufe chenye nembo, kilicho kushoto karibu na Alt, kisha Enter, au namba, au herufi. Namba moja tumeweka mswada. Namba mbili, kurasa. Namba tatu, barua. Unaruka kutoka chumba hadi chumba kwa kidole.

Vitufe vyote vimeandikwa kwenye faili moja la maandishi ya kawaida, kwa hiyo ukitaka kubadilisha niambie.

Jambo moja ujue. Huyu anatawala madirisha, hatawali kilichomo ndani yake. Ukiwa ndani ya programu ya kurasa, ile ni serikali nyingine. Pale bado kipanya kinatakiwa, ila unaweza kuandika vipimo kwenye visanduku badala ya kuburuta.

Na mimi nina swali. Kipanya kimekukosea nini?

Kiguu


20 Aprili

Mwanangu Kiguu,

Huyu ndiye. Wiki ya kwanza nilimtukana kila asubuhi. Mara mbili nilifunga mswada nikidhani naufungua. Sasa vidole vimeshika. Mwenzangu wa chumba cha pili anasimama nyuma ya kiti changu anatazama madirisha yakijipanga, anasema, "Umekuwa rubani." Nampuuza, lakini nasikia raha.

Uliuliza kipanya kimenikosea nini. Kilinichezea shere. Mwezi wa pili nilikuwa kwenye jedwali la dawa za dharura, nikashika mstari mmoja kuusogeza kidogo tu, ukadondoka pasipo pake. Kipimo cha dawa ya kifafa cha mimba kikakaa kwenye dawa ya kuzuia damu. Jedwali lilionekana zuri tu, limenyooka, mistari sawa. Niliugundua siku ya tatu nilipokuwa nikisoma nakala ya majaribio. Nimeurudisha. Mambo yamekwisha. Lakini tangu siku ile kile kidude sikiamini.

Sasa naomba kitu kidogo. Vitufe vyote uvihamishie upande wa kushoto, vile vya Enter na vishale na herufi za kule kulia. Vyote vikae ambapo mkono wa kushoto unafika bila kusaidiwa. Ni mazoea tu, ninavyokaa kwenye kiti.

Shangazi yako


25 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Flashi imo, vitufe vyote nimevihamishia kushoto. Enter imekuwa kitufe cha herufi E. Vishale ni W, A, S na Z.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Nimezunguka chumba hiki mpaka aliye chini amegonga dari. Nimezitoa barua zako zote. Vidude vidogo mno. Dirisha linatembea. Menyu inachagua ya nne. Ukingo mwembamba. Usishike kipanya kabisa. Na sasa kila kitu kushoto. Nami nilikuwa nakuambia habari za miwani!

Mkono wako wa kulia unatetemeka. Tangu lini?

Usiniambie ni mazoea ya kiti. Wewe ndiye uliyenifundisha kuchonga penseli kwa wembe, kwa mkono huo huo, bila kuvunja ncha. Nenda kwa daktari, na siyo wa macho. Na umwambie Mhariri kuhusu ule mstari. Wewe unasema mambo yamekwisha kwa sababu umeuona mmoja. Mwingine je? Nilikwambia huyu msimamizi hatawali kilichomo ndani ya dirisha. Ningekuwekea vitufe hata vya dhahabu, majedwali bado umeyagusa kwa mkono huo. Kuna mkunga ataufungua ukurasa ule akiwa na mama anayevuja damu mbele yake, hatakuwa na nafasi ya kujiuliza nani aliupanga.

Na ili usiseme natoa amri nikiwa nimejificha, nami nakwambia la kwangu. Sina kazi. Mkataba wangu haukuendelea, wameleta kampuni nyingine, sisi tumefungashwa virago tangu Januari. Mashine zinazovuma ni feni ya chumba nilichopanga. Zamu hakuna. Ninaamka, nabadilisha rangi ya ukingo wa dirisha, na jua linazama. Baba hajui. Nilikuwa nakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na wewe ukinipaka vile vile.

Nijibu.

Kiguu


12 Mei

Shangazi,

Hujajibu. Simu yako inaita tu. Nimempigia Baba, kasema unakwenda kazini kama kawaida na kwamba umenuna. Hakujua kwa nini.

Nuna, lakini sema kitu.

Kiguu


20 Mei

Kwa Mhariri,

Shikamoo. Hatujawahi kuonana. Mimi ni binti wa kaka yake mpanga kurasa wako, yule anayeshughulikia kitabu cha wakunga.

Sijui nianze wapi, kwa hiyo naanza na ombi. Tafadhali, kabla kitabu hakijaenda mtamboni, watafute wakunga wawili wayasome majedwali yote ya dawa, mstari kwa mstari, wakilinganisha na mswada wa mwandishi. Yote. Nina sababu ya kuamini kwamba kuna mstari uliowahi kuhama, na kwamba huenda si huo peke yake. Mkono wa shangazi yangu hauko sawa. Hakuna mtu makini kuliko yeye, na ndiyo maana hataki kusema.

Nakuomba usimwondoe kazini. Na nakuomba sana asijue kwamba nimekuandikia.

Natanguliza shukrani na samahani,
Binti wa kaka yake


9 Juni

Kiguu,

Barua za ofisi hii nafungua mimi. Mhariri hapendi kukata bahasha, kwa hiyo zinaletwa mezani kwangu, nazikata, nazipanga, nampelekea. Mwandiko wako niliutambua, nikajua ni yangu, imekosewa tu jina. Nikaisoma kwa kusimama. Nilipofika pale ulipoomba nisijue, nikakaa.

Nitakwambia nilichofanya, kwa sababu usipoambiwa utabuni. Niliiweka kwenye mkoba wangu. Nikaenda nayo nyumbani, nikarudi nayo, nikaenda nayo tena. Nilikutukana maneno ambayo baba yako angeyasikia angetuchapa sote. Nilisema, huyu mtoto kaona aibu yangu, kaniendea nyuma. Kazini nikapanga kurasa kwa mkono wa kushoto, haraka kuliko nilivyowahi, ili nijionyeshe kwamba hakuna kilichoharibika.

Siku ya nne nikaingia kwa Mhariri. Nikamwambia, "Kuna barua yako niliifungua nikakaa nayo." Akasema, "Isome basi, miwani yangu iko kwenye gari." Kwa hiyo nikamsomea mwenyewe, mpaka mwisho, mpaka pale pa nisijue. Hakucheka. Akaniuliza, "Ni kweli?" Nikamwonyesha mkono. Nilijaribu kuutuliza mbele yake, ukakataa.

Wakunga wawili walikuja Jumatatu. Siku ya pili yule mfupi akasema, "Hebu ngoja hapa." Ilikuwa sura ya watoto njiti. Kipimo kimepanda mstari mmoja. Huo sikuuona, Kiguu. Ningeapa mbele ya yeyote kwamba haupo. Nilitoka nikaenda uani, nikasimama karibu na tangi la maji, nikatapika.

Majedwali nimenyang'anywa. Amepewa mwenzangu wa chumba cha pili, na ndivyo inavyotakiwa, ingawa nilipomwona akiyafungua nilitaka kumng'oa kitini. Kurasa za maelezo nimebaki nazo. Daktari nimemwona. Kaupa ugonjwa jina refu, kanipa vidonge vya asubuhi na jioni. Anasema hautapona, utapunguzwa makali. Umeanza kupungua kidogo. Nikiwa na haraka unarudi.

Wakunga walikuwa wanasomeana wenyewe kwa wenyewe, wanachoka, wanaruka mistari. Yule mfupi akaniambia, "Mama, njoo utusomee wewe, sisi tufuatishe kwenye mswada." Nikasema mimi si msomaji. Akavuta kiti. Basi nikasoma: dawa, kipimo, njia, muda. Mstari, mstari, mstari. Tulifanya hivyo wiki nzima, mpaka jedwali la mwisho. Sauti yangu haitetemeki. Sikuwa nalijua hilo, sijawahi kukisoma kitabu chochote kwa sauti tangu nianze kazi hii, navipanga tu. Juzi kitabu kimekwenda mtamboni.

Habari ya kazi yako niliijua kabla hujakiri. Ile siku ya vumbi la kabati, nilipiga simu ofisini kwenu, aliyepokea akasema mwenye jina hilo hayupo tena. Nikanyamaza, kwa sababu ningekuuliza la kwako ungeniuliza la kwangu. Baba yako mwambie wewe. Mimi sibebi habari za watu.

Sijakusamehe kwa kuniendea nyuma. Ulifanya sawa, na sijakusamehe, na vyote viwili ni vya kweli, usiniulize vinakaaje pamoja. Usije kuniuguza, sijalala. Lakini kama huna pa kukaa isipokuwa mbele ya hiyo skrini, kitanda cha chumba cha nyuma kipo.

Shangazi yako


17 Juni

Shikamoo Shangazi,

Barua yako imenikuta na begi lililofungwa. Nikalifungua, nikalifunga tena. Unanijua.

Nimempigia Baba. Nilikuwa nimepanga hotuba ndefu, mwanzo wake mkataba, katikati ile kampuni mpya, mwisho samahani. Nilipofika katikati akanikata. "Tangu Januari?" Nikasema ndiyo. Nikasikia akizima redio. Halafu akauliza, "Unakula?" Nililia mpaka yeye ndiye akaanza kunieleza habari za redio yake.

Huo mstari wa watoto njiti nimeufikiria kila siku tangu nisome. Nilipokuandikia kwamba huenda upo mwingine nilitaka niwe nimekosea. Sina furaha kwamba sikukosea.

Msamaha sikuombi upesi. Uje ukija.

Jumatatu nilikwenda kuomba kazi kwenye karakana inayotengeneza mashine za nakala. Wakaniuliza kama naweza kuanza mwezi ujao. Nikasema naweza. Sina uhakika kama nitadumu, ila nimesema naweza, na sikuongeza neno.

Kwa hiyo zipo wiki mbili. Ijumaa nakuja. Si kukuuguza. Nataka kuwa kwenye chumba chenye mtu mwingine ndani yake. Basi linafika saa kumi jioni. Nilishaandika hapa kwamba usije kituoni, kuna jua na utachoka, nitafika mwenyewe. Nimeyakata maneno hayo.

Njoo.

Kiguu